Mkono wa Kulia, Mkono wa Kushoto: Somo Tulilolipata Nyegezi Kabla ya Harusi

Mmetuuliza sana kwa nini tumekuwa kimya, na kwa nini tumeacha kujibu wanaotuuliza "ile losheni ya maharusi" tuliyoisifia mwaka jana. Leo tunajibu. Makosa ni yetu, tunaanza nayo wenyewe kabla hamjatuuliza.

Tulikuwa Mwanza. Kaka yetu ameoa huko, anakaa Nyegezi, na binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa. Sisi ndio mashangazi, na mnajua wenyewe shangazi wa Unguja hawezi kwenda harusini mikono mitupu. Tulivuka na boti mpaka Dar, tukapanda basi, na mpaka tunashuka stendi ya Nyegezi miguu ilikuwa imevimba. Lakini mizigo ilikuwa salama: khanga, udi, hina, mfuko wa singo iliyotwangwa nyumbani kwa langilangi, asmini, mawaridi, mrehani na liwa. Na chini kabisa, kopo moja jeupe lisilo na maandishi yoyote.

Kopo hilo ndilo lenye hadithi. Mwaka jana tulimhudumia bi harusi mmoja wa kwetu. Muuzaji alituambia ni losheni ya kung'arisha maharusi, tukampaka siku arubaini, na siku ya harusi aling'aa mpaka watu wakauliza. Tukaisifia. Baadhi yenu mkainunua. Tusizunguke: ule ulikuwa mkorogo, tumeupa jina zuri tu.

Wifi yetu, mke wa kaka, ni mwalimu wa baiolojia. Alilishika kopo, akaligeuza, akatafuta maandishi, hakuyaona. Akatuuliza kwa upole, "Wifi zangu, mlijuaje kama ni hii losheni iliyomng'arisha?"

Tukacheka. Tulijuaje? Si tulimpaka, naye aling'aa? Wifi hakubishana. Akasema, "Kesho Jumamosi nina kipindi cha ziada. Twendeni pamoja mkakae nyuma."

Tulikwenda kwa kumstahi tu. Wanafunzi walikuwa wameleta makopo yao ya maharage. Swali lao lilikuwa zuri na la kikwao: je, maji ya ziwa yanakuza maharage kuliko maji ya bomba? Kundi moja lilikuwa na furaha kubwa. Maharage yao ya maji ya ziwa yalikuwa marefu karibu mara mbili ya yale ya maji ya bomba. Wakaandika ubaoni kwamba maji ya ziwa ni bora.

Wifi akawauliza makopo yalikaa wapi. Yale ya bomba yalikaa dirishani. Ya ziwa hayakupata nafasi dirishani, yakawekwa ndani ya kabati.

Kimya. Halafu msichana mmoja wa dawati la mbele akanyanyua mkono. "Mwalimu, haya ya kabatini ni marefu lakini ni membamba. Na yamekuwa meupe kwa sababu hayajaona jua."

Wapenzi, sisi wawili tulitazamana. Hatukusema neno.

Mwalimu akaeleza. Mche ulio gizani hurefuka haraka ukitafuta mwanga, unatumia akiba iliyomo ndani ya mbegu, na hauwi kijani kwa sababu kijani huja na mwanga. Kwa hiyo makopo yale yalitofautiana kwa mambo mawili, maji na mwanga, na haiwezekani kujua ni lipi lililofanya kazi. Jaribio la haki, alisema, kila kopo lina mwenzake. Mwenza huyo awe sawa naye kwa kila kitu: mbegu, udongo, kiasi cha maji, mahali, siku. Tofauti iwe moja tu, ile unayoiuliza. Vitabuni mwenza huyu huitwa kidhibiti. Na kopo moja kwa moja halitoshi, maana mbegu moja inaweza kuwa mbovu tangu mwanzo. Uwe na makopo mengi kila upande.

Njiani kurudi tulihesabu wenyewe. Yule bi harusi wa mwaka jana tulimfungia ndani siku arubaini, hakuona jua. Alilala vizuri, hakupika, hakufua. Tulimsinga kila jioni. Alikunywa juisi na maziwa. Siku yenyewe alipambwa uso na fundi hodari, na picha zikapigwa kwenye mataa. Mambo sita au saba kwa pamoja, na sisi tukachagua moja tukalipa sifa zote, lile tulilokuwa tunaliuza.

Na kuna la pili, hili ndilo linatuuma. Miezi mitatu baada ya harusi, binti yule alitupigia simu analia. Alipoacha kupaka, uso ulitoka mabaka meusi mashavuni. Tulimwambia nini? "Ni jua hilo, mwanangu." Uzuri tuliupa mkorogo, ubaya tukaupa jua. Hatukuwa na ushahidi wa lile wala hili, ila tulichagua jibu lililotupendeza mara zote mbili. Tumeshamwomba radhi, na tumemsindikiza kwa daktari wa ngozi.

Usiku ule bi harusi wetu, mtoto wa kaka, alikuja na wazo. "Shangazi, basi tujaribu kwa haki. Mkono mmoja nipakeni losheni, mmoja msinipake."

Mama yake akakataa papo hapo. "Maharage nakubali. Mtoto wangu, hapana. Kitu usichojua kilichomo humjaribishii mtu, hata akikupa mkono mwenyewe." Akatukumbusha kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita hutumia zebaki kunasia dhahabu, na kila mtu kanda ya ziwa ameshasikia madhara yake. Zebaki hiyo hiyo hukutwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha. Hupenya kwenye ngozi, huharibu figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto tumboni. Haidrokwinoni nayo, ikitumika ovyo na kwa muda mrefu, huweza kuacha mabaka magumu kuondoka. Vyote viwili vimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Bi harusi leo, mama mtarajiwa kesho, wifi alisema, na hapo tulinyamaza kabisa.

Kopo tulilifunga vizuri kwenye mfuko. Tulitaka kulitupa chooni, akatuzuia: zebaki ikishaingia ziwani huishia kwa samaki, na samaki ndio kitoweo cha watu. Alilichukua alikabidhi kwa maofisa wa viwango.

Ikabaki singo. Hiyo tunaijua kila kilichomo, na bibi zetu walisingwa nayo. Basi tukaijaribu kwa haki, na humo tukajifunza zaidi kuliko darasani.

Tulirusha shilingi kuchagua mkono, ikaangukia wa kushoto. Kila jioni mkono wa kushoto ulisingwa kwa singo na marashi. Wa kulia ulisuguliwa kwa marashi matupu, kwa mikono ile ile, muda ule ule. Hatukuuacha bure, kwa sababu tulitaka kujua kazi ya singo, si kazi ya kusugua. Siku ya nne tuliwaita majirani tisa waliokuja kusaidia kuchagua mchele, tukawaambia waseme ni mkono upi laini na upi mweupe zaidi, bila kuwaambia siri. Wote tisa walisema wa kushoto, kwa yote mawili.

Tulipiga vigelegele. Wifi akatabasamu tu. "Umenukia," alisema. Kweli bwana! Langilangi na asmini zilikuwa zinasikika mpaka uani. Pua ilijua kabla ya macho, na nani atamwambia bi harusi kwamba mkono wake uliosingwa haukupendeza?

Siku ya saba tulirudia. Mikono yote miwili ilioshwa kwa sabuni moja, yote ikafukizwa udi, hakuna wa kunusa tofauti. Sisi tuliojua tulitolewa nje ya chumba ili nyuso zetu zisiwape jibu. Majirani wale wale tisa. Kwenye ulaini, saba walichagua wa kushoto. Kwenye weupe, wanne walisema kushoto, watano kulia. Yaani walikuwa wanabahatisha.

Tukauliza, sasa tuandike kwamba singo inalainisha? Wifi akajibu, "Andikeni kwamba kwa binti mmoja, kwa siku saba, watu saba kati ya tisa walidhani hivyo. Mkipata mabinti wengi, mwandike zaidi." Tumeandika kama alivyosema.

Msidhani haya ni mambo ya makopo ya skuli tu. Mwanza yenyewe ina historia yake. Mwaka 1991 ulianza hapo utafiti mkubwa uliouliza kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Zilichukuliwa jamii 12, zikapangwa jozi 6. Na tazama walivyozioanisha: visiwa na visiwa, kando ya ziwa na kando ya ziwa, barabarani na barabarani. Ndiyo ile ile ya kopo na mwenzake, maana maisha ya kisiwani si ya barabara kuu, nasi watu wa visiwa tunalijua hilo. Katika kila jozi upande mmoja ulipata huduma iliyoboreshwa kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet: maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 palipoboreshwa huduma. Bila mwenza, nani angejua?

La karibuni zaidi linahusu mabinti zetu hasa. Ni chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 wa Mwanza walipangwa kwa kura kupata dozi moja, mbili au tatu. Hapa mwenza hakuwa msichana aliyenyimwa chanjo. Alikuwa yule aliyepata dozi zilizokuwa zimezoeleka. Ilionekana kwamba hata dozi moja huujengea mwili kinga inayodumu, na tangu mwaka 2024 Tanzania inatoa dozi moja. Mama ukipeleka binti yako akachomwa sindano moja, ujue mabinti wa Mwanza na wazazi wao wamechangia jibu hilo. Mungu awalipe.

Kuna atakayesema, haya ya kujaribu na kupima yanatuhusu nini sisi watu wa dini? Sisi si maulamaa, na ufafanuzi mwulize sheikh wako. Lakini tunasoma katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, tukiamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sisi tulieneza habari ya kopo bila kuhakikisha, na majuto tumeyaona. Na katika Sahih Muslim imo habari ya mitende ya Madina. Mtume wetu (S.A.W.) aliwakuta watu wakiichavusha, akadhani huenda haina faida, wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoambiwa hakuona haya kuwarudishia wenyewe jambo hilo la dunia yao wanalolijua zaidi. Ikiwa yeye, kipenzi cha Allah, alikuwa na unyenyekevu huo mbele ya mtende, sisi ni nani tuone aibu kusema tulikosea juu ya losheni?

Kwa hiyo mabinti mnaojiandaa, na mashangazi na masomo mnaowaandaa, mtu akikuletea cha kupaka, kunywa au kujifukiza, muulize haya:

Kina nini ndani, na kimeandikwa wapi?

Aliyependeza nacho alifanya nini kingine siku zile? Alilala, alikaa kivulini, alipambwa?

Yuko wapi mwenzake, aliyefanya yote hayo bila kitu hiki?

Wameonekana wangapi, na aliyehukumu alikuwa anajua siri au anauza?

Na waliodhurika wako wapi? Maana hao hawapigwi picha.

Binti yetu aliolewa Ijumaa baada ya Swala ya Alasiri, kwa rangi yake aliyopewa na Muumba wake, mweusi wa kung'ara, ananukia langilangi mikono yote miwili. Usiku wa mwisho tuliusinga na ule wa kulia. Jaribio lilikwisha, na singo ina kazi nyingine ambayo hatukuipima: vicheko, nyimbo, nasaha za somo, na mikono ya mashangazi iliyosafiri kutoka mbali kuja kumgusa mtoto wao kwa mapenzi.

Wiki iliyopita wifi alitutumia picha. Yale maharage ya kabatini wanafunzi wameyahamishia dirishani, na yameanza kuwa kijani. Sasa wameanza upya, makopo kumi ya ziwa na kumi ya bomba, yote dirishani. Jibu halijapatikana. Tukilipata tutawaambia, in shaa Allah, liwe lolote.

Allah awastiri maharusi wetu, na atusamehe tuliyoyasema bila elimu. Amin.