Udi Mpya Nyumbani

Kila nyumba ina urithi wake. Nyumba moja hurithi mashamba, nyingine hurithi majahazi, na nyingine hurithi madeni. Nyumba yetu, iliyo katika Mji wa Kale wa Mombasa, ilirithi sauti. Marehemu babu yangu alikuwa mwimbaji. Baba yangu alipiga udi katika kikundi cha taarabu. Mama yangu hupiga tari katika arusi, na ami yangu hupiga tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonyezo ambayo imeitia taarabu ya Mombasa ladha ya Kihindi. Katika watu hawa wote ni mimi peke yangu niliyekosa fungu. Nikiimba, paka huondoka barazani. Nalipewa kalamu na chaki, wala sikunung'unika.

Binti yangu, ambaye ana umri wa miaka 10, hakunirithi mimi. Tangu alipotimiza miaka 7 alikuwa akienda kila Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, kwa mzee mmoja wa mtaa wetu kujifunza udi. Alitumia udi wa mzee huyo, ambao ulikuwa mkubwa kwake hata mkono wake wa kulia uliuvuka ubavu wa chombo kwa taabu. Nilipoona kwamba hachoki, nilianza kuweka akiba kidogo kidogo katika mshahara wangu, na baada ya miezi 14 nikaagiza udi mdogo, wa kadiri ya mtoto, kwa mfanyabiashara aletaye bidhaa kutoka Misri.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuushika udi, nitaueleza kwa maneno machache. Mgongo wake ni wa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa na kuunganishwa kwa gundi, hata vikafanya umbo la pea iliyokatwa katikati. Uso wake ni ubao mwembamba wenye tundu la kutolea sauti. Shingo yake ni fupi, na kichwa chake kimepindwa nyuma kama cha mtu anayetazama aliko toka. Aghalabu una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene usio na mwenzake. Shingoni hakuna alama wala kigawanyo cha kuonyesha mahali pa kuweka kidole. Sikio ndilo limwongozalo mpigaji. Nyuzi huguswa kwa kipande kirefu chembamba cha plastiki, ambacho zamani kilikuwa unyoya wa tai.

Sasa sina budi kusema jambo ambalo sikupata kulisema mbele ya baba yangu. Miaka 17 iliyopita, nilipopata nafasi katika chuo cha ualimu, nyumbani hapakuwa na fedha za karo. Majuma mawili baadaye karo ikapatikana. Katika majuma hayo hayo udi wa baba, ambao ulikuwa umetundikwa ukutani tangu kabla ya kuzaliwa kwangu, ukatoweka. Nilipouliza nilijibiwa kwamba umeazimwa na rafiki wa Lamu. Rafiki huyo hakuurudisha kamwe. Ukuta ulibaki na msumari mtupu. Baba akashika dumbaki, akasema kwamba vidole vyake vimechoshwa na nyuzi. Mimi nikasoma, nikafuzu, nikaajiriwa. Na siku moja mama, akidhani kwamba najua, akanitajia bei ambayo udi ule uliuzwa. Ilikuwa sawa na karo yangu ya mwaka wa kwanza. Sikusema neno, wala baba hakusema. Tuliishi miaka mingi na msumari ule kati yetu.

Basi msomaji atatambua kwamba udi nilioununua haukuwa wa binti yangu peke yake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami nilidhani kwamba nimepata dawa.

Udi uliwasili Jumamosi jioni. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupokea. Katika lugha yetu neno udi lina maana mbili: ni ala hii ya nyuzi, tena ni mti wenye harufu nzuri ufukizwao nyumbani, na asili ya maneno yote mawili ni neno la Kiarabu lenye maana ya mti. Mama alitia makaa katika chetezo, akaweka juu yake kibanzi cha udi, akaupitisha moshi pande zote za chombo, akisema, "Udi kwa udi, karibu nyumbani." Ami yangu alichukua tashkota akapiga sauti moja tu, kama mtu aitikiaye hodi. Jirani mmoja aliyekuwa barazani alisema kwa upole kwamba udi ni kazi ya wanaume, na kwamba mwanamke fungu lake ni kuimba. Mama alimjibu kwamba hata kuimba hadharani kulikuwa na wenyewe kabla ya Siti binti Saad, naye mwaka 1928 alivuka bahari akaenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Mimi nikaongeza kwamba Unguja kuna chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002, na wasichana hufundishwa udi humo. Jirani akacheka, akaomba kahawa.

Baba alikuwa amekaa kimya wakati wote. Binti yangu alimwendea, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, Babu. Nilinganishie nyuzi."

Baba aliupokea udi kwa mikono miwili. Aliugonga mgongo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Aliunusa tundu la sauti. Alipitisha kidole gumba shingoni, juu hata chini. Kisha alinitazama mimi, wala si mtoto, akaniuliza, "Umeuza nini?"

Watu wote walinyamaza. Nalihisi kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. "Sikuuza kitu, Baba," nilijibu. "Niliweka akiba."

"Miezi mingapi?"

"Kumi na minne."

Alitikisa kichwa polepole. "Vyema," akasema. "Basi huu utalia bila ya huzuni." Kisha akamrudishia mtoto chombo chake. "Si wangu huu, mjukuu wangu. Mwenye chombo ndiye akilinganishaye. Nikikulinganishia mimi, utakuwa na udi uliao leo tu. Kaa hapa, lete sikio."

Nakiri kwamba moyo wangu uliuma. Nilitaka aupige. Nilitaka kuusikia tena wimbo mmoja niliolala nao utotoni, nao uwe stakabadhi ya deni langu. Lakini baba hakutoa stakabadhi. Alifumba macho, akamsikiliza mtoto akizungusha vigingi vya mbao, akisema, "Panda kidogo. Umepita. Rudi. Hapo." Nyuzi 11 ziliwachukua muda mrefu kuliko chakula cha jioni.

Asubuhi yake tulimkuta binti yangu akilia. Nyuzi zote zilikuwa zimelegea, na kila jozi ilitoa sauti mbili zinazogombana. Alidhani kwamba ameletewa chombo kibovu. Baba alimweleza kwamba uzi mpya hunyooka ukikazwa, na sauti yake hushuka. Tena mbao za vigingi huvimba kwa unyevu wa bahari na hujikunyata kwa ukavu, na kisiwa chetu hakikosi unyevu. "Hakuna kilichoharibika," alisema. "Ni mgeni, hajazoea nyumba. Mkaze tena."

Alimkaza tena asubuhi ile, na jioni, na kesho yake. Siku tisa nyumba yetu ilisikia vigingi kuliko nyimbo. Mtoto alianza kwa kuuliza, "Ni hapo, Babu?" na baba alijibu. Siku ya tano alikuwa akijibu kwa kukohoa tu: kikohozi kimoja kwa uzi uliopanda, viwili kwa uzi ulioshuka. Siku ya tisa hakukohoa. Siku ya kumi nyuzi zilishika, na binti yangu akapiga wimbo mfupi aliofundishwa na mwalimu wake, akikosea mara mbili, nasi tukampigia makofi kana kwamba hakukosea.

Ndipo nilipofahamu jambo ambalo vitabu vyangu havikunifundisha. Deni la fedha hurudishwa kwa mdai. Lakini alichonipa baba yangu hakikuwa mkopo, nami nalimkosea kwa kutaka kukilipa. Kipawa cha mzazi hakirudi nyuma. Hupelekwa mbele, kwa yule ambaye mikono yake ingali midogo. Hili ndilo nililotaka vijana wanaosoma kwa jasho la wazazi wao walisikie.

Jioni ile baba aliomba nyundo. Aliung'oa ule msumari wa zamani, ambao ulikuwa umeota kutu, akauweka mfukoni mwa kanzu yake. Kisha alipigilia msumari mpya chini ya tundu lile, akampimia mtoto mkono kwanza, ili aufikie bila ya kupanda kiti.