Mwezi wa Machi Katika Bustani ya Leipzig

Sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa ikweta hatujui maana ya kuingoja ardhi. Mvua ikinyesha mwezi wa tatu tunashika jembe, na ikirudi mwezi wa tisa tunalishika tena. Nyuma ya nyumba za kambi, mke wa askari huchuma dodo na sukuma wiki mwaka mzima, na likipita juma bila mboga hulaumu kuku wa jirani, wala si majira. Leo nataka niwasimulie habari za nchi ambako ardhi hufungwa kama duka, na mwenyewe hukaa miezi minne akiutazama mlango.

Nilifika Leipzig, mji wa mashariki ya Ujerumani, juma la kwanza la Machi mwaka 2024, kwa likizo isiyo na malipo. Dada yangu ni muuguzi huko kwa miaka mingi. Mwezi wa Oktoba alikuwa amepasuliwa goti, na tangu siku hiyo hakuikanyaga bustani yake. Mwezi wa Januari chama cha wenye bustani kilimwandikia barua ya onyo: ikiwa haitatengenezwa kabla ya tarehe 30 Aprili, mkataba utavunjwa. Naye alikuwa ameingoja bustani hiyo miaka minne.

"Mdogo wangu," aliniambia tulipokutana kituo cha treni, akiegemea fimbo yake, "usidhani nimekuita kutembea. Nimekuita kulima."

Yafaa nieleze bustani hizi ni nini. Wakazi wa miji ya huko huishi katika majumba ya ghorofa, hawana hata kiwanja cha kuanika nguo. Kwa hiyo hukodi vipande vya ardhi vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja na ua wake na kibanda chake. Sheria ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi mita za mraba 400, na kibanda kisizidi mita za mraba 24, wala kisiwe makao ya kudumu. Asili yake ni mjini Leipzig penyewe. Mwaka 1864 mkuu wa shule aitwaye Hauschild alianzisha chama cha wazazi na walimu, akakipa jina la daktari Schreber, aliyekuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kisha mwalimu mstaafu, Gesell, akawatengea watoto vitalu vya kulima kando ya uwanja wa michezo. Watoto walichoka upesi, kama watoto wote (mimi nina cheti cha ualimu, nayajua mambo ya bustani za shule), na wazazi wao wakavirithi. Hata leo Wajerumani huviita bustani za Schreber, ingawa Schreber mwenyewe hakupanda hata kitunguu. Vita vilipokwisha mwaka 1945 na miji ikawa magofu, watu wengi walikula kutoka katika vipande hivi, na waliopoteza nyumba zao wakalala vibandani.

Tulipofungua lango nilivunjika moyo. Majani makavu yalilala kila mahali, miti ya tufaha miwili ilikuwa na matawi kama nywele zisizochanwa, na bomba lililo nyuma ya kibanda lilikuwa limepasuka urefu wa kiganja. Kila mwaka, kabla ya baridi kuanza, maji hukatwa na kila mtu huacha bomba lake wazi ili likauke. Dada alikuwa hospitali, na hakuna aliyelikumbuka lake. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, na chuma hakiwezi kuyazuia.

Ajabu ni kwamba nguvu hiyo hiyo ndiyo rafiki wa mkulima. Jirani, mzee aliyekuwa dereva wa treni, alitushika mkono akatuonyesha upande wake wa ua. Yeye hulima kabla ya baridi na kuacha mabonge makubwa bila kuyavunja. Maji yaliyo ndani ya mabonge huganda, huyapasua, na ifikapo Machi udongo umekuwa laini kama unga wa mtama. Wetu, usiolimwa, ulikuwa umeshikana.

Nilitaka kuanza papo hapo. Mzee akatikisa kichwa. Aliokota udongo, akaufumba mkononi, akafumbua: ukabaki donge linalong'aa. Dada akanifasiria, "Anasema ukiulima ukiwa hivi, utapata matofali." Tukangoja siku tisa, hadi donge lilipovunjika kwa kuguswa na kidole.

Siku hizo hatukukaa bure. Tulipogoa matufaha kabla ya macho ya matawi kufumbuka, tukiondoa kila tawi linaloelekea ndani, ili mwanga upite. Mwanga ni mali kubwa kule: mwezi wa Desemba mchana ni saa 8 tu, na mwezi wa Machi huongezeka kwa dakika 4 hivi kila siku. Tulipanga viazi vya mbegu katika trei za mayai dirishani vichipue. Miche ya nyanya nayo ikajaa chumba cha kulala, hata dada akawa anavaa viatu ukumbini. Rundo moja la majani kwenye pembe mzee alitukataza kuligusa, kwa kuwa kalunguyeye hulala humo wakati wote wa baridi.

Kisha tukalima kwa uma, tukatandaza mboji, tukapanda figili, spinachi na vitunguu, ambavyo haviogopi baridi.

Mwanzo wa Aprili jua likawaka kama la Kampala. Matufaha yakachanua, na mimi nikajiona mjuzi. Dada alipokwenda kuonana na daktari, nikapanda maharagwe safu mbili. Mzee alinitazama, akasema neno moja tu, "Mai," yaani Mei. Wazee wa huko hawapandi maharagwe wala nyanya nje kabla ya tarehe 15 Mei, siku ya mwisho ya watakatifu wanaoitwa watakatifu wa barafu. Mimi nilidhani ni mambo ya kizamani.

Usiku wa tarehe 22 Aprili jalidi ilishuka. Asubuhi maharagwe yangu, yaliyokwisha kuota urefu wa kidole, yalikuwa meusi na yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Hilo lilikuwa kosa langu. Lakini maua ya matufaha nayo yaligeuka kahawia, na mashamba ya matunda na mizabibu ya jimbo zima la Saxony yakapata hasara. Dada hakunigombeza. Alisema tu, "Safu hizo zifukie, mdogo wangu. Kamati isizione."

Kamati ilikuja tarehe 30, watu watatu na futi ya kupimia. Walitazama vitalu, wakatazama bomba jipya, wakaandika. Kisha mmoja akasema ua wa miti umezidi urefu, ukatwe mara moja. Mzee, aliyekuwa amesimama upande wake kimya, akainua kofia, akawakumbusha kwamba toka tarehe 1 Machi hadi tarehe 30 Septemba sheria inakataza kuzikata sana nyua za miti, kwa ajili ya ndege. Akafungua matawi kidogo: ndani mlikuwa na kiota chenye mayai manne.

Wakaandika "Oktoba", wakatia sahihi, wakapita kwenye lango la pili.

Mwezi wa Agosti dada alinipelekea picha. Matufaha hakupata hata moja mwaka ule. Maharagwe, aliyoyapanda upya tarehe 18 Mei, yalikuwa yamempita kimo.