Maji Yakichafuka, Tulia Kwanza

Wasee, kila siku mnaniuliza hiyo kitu ya majani nyuma yangu kwenye video ni nini. Ni tangi la samaki, lita 20. Fundi wa vioo alinitengenezea, na linakaa dirishani hapa kwetu Nyamasaria. Halina pampu, halina filta, halitumii stima.

Jaribio la kwanza niliharibu mwenyewe. Nilichota udongo kwenye sukuma za mathe, ule umejaa samadi, nikamwaga ndani na kutia samaki siku hiyo hiyo. Siku ya tatu maji yananuka, samaki wote sita wamekufa. Samadi ikioza majini hutoa amonia, na hiyo ni sumu kwa samaki. Mathe akaangalia, akasema, "Hata hii utaachia katikati?" Iliniuma. Hakuwa anaongelea samaki.

Nikarudi kusoma. Kuna mama Mmarekani, Diana Walstad, alieleza njia hii kwenye kitabu chake cha 1999. Udongo wa kawaida usio na mbolea, kama inchi moja. Juu yake changarawe ndogo, inchi moja, udongo usipande. Mimea iwe mingi kuanzia siku ya kwanza, maana ndiyo inakula uchafu wa samaki. Maji ya mfereji yaache siku nzima kwenye ndoo wazi, klorini itoke. Jua liwe la masaa machache tu, la sivyo mwani utajaa. Na usijing'olee mimea ziwani ovyo: huko kuna konokono wanaobeba kichocho.

Kazi ngumu ilikuwa kungoja. Wiki tatu maji yalikuwa rangi ya strungi. Hakuna cha kuposti. Mkono uliniwasha nimwage yote nianze upya. Hapo ndipo nilijiona. Chuo niliacha hivyo hivyo. Karo ilisumbua, ndiyo, lakini pia maji yalichafuka kidogo tu nikamwaga ndoo nzima. Sisemi ningebaki. Nasema sikungoja nione.

Wiki ya nne maji yakawa safi. Nikaweka gapi watatu, sasa wamezaana. Jioni mathe huvuta kiti akawaangalia. Ndiyo alinihadithia kuhusu fulu, samaki wadogo waliokula utotoni. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na alipozidi miaka ya 1980, aina nyingi za fulu zikapotea. Kwa hivyo gapi wakikuzidi, wape rafiki. Usiwamwage mtoni. Ziwa letu linajua mgeni anaweza kufanya nini.

Jana niliamka nimechelewa, nikasikia mathe sebuleni: "Wewe, samaki wetu wamekula?"

Wetu. Nilienda kuwalisha mbio.