Lango Lisilomjua Mlezi

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ninaokusudia kuujadili haumo katika ukuta wa udongo wala wa mawe, bali umo katika vishikwambi na rununu ambazo watoto wetu huchezea. Ufa huo ni kiungo cha nje, yaani maandishi au picha ambayo mtoto akiigusa hutolewa katika mchezo au somo lake na kupelekwa kwenye mtandao mpana, mahali ambapo mtunzi wa programu hana mamlaka tena. Suala hili si la watoto wa Nairobi pekee. Tangu serikali ya Kenya ianze kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma mwaka 2016, linatuhusu hata sisi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.

Sisi wa Voi tunaifahamu vyema dhana ya kivuko. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, imejengwa juu ya tuta linalokata mbuga ya Tsavo, na chini yake zimeachwa njia za wanyama. Ndovu hakatizi reli popote apendapo; hupita pale palipoandaliwa. Mantiki iyo hiyo hutumiwa na watunzi wa programu za watoto walio makini.

Binamu yangu, anayesomea sayansi ya tarakilishi, alinieleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Msimbo alioutunga husomwa kwanza na programu nyingine, mstari kwa mstari, ikisaka kila amri inayofungua ukurasa wa nje moja kwa moja. Kila kiungo sharti kipitie sehemu moja iliyoidhinishwa. Sehemu hiyo huhakikisha kuwa anwani imo katika orodha iliyokubaliwa, kisha huweka lango linalopaswa kufunguliwa na mtu mzima. Kiungo kimoja kikikiuka kanuni, kazi yote hurudishwa kwa mtunzi. Chimbuko la ukaguzi wa namna hii ni programu iitwayo lint, iliyoandikwa na Stephen Johnson katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1978. Jina hilo lina maana ya vinyuzi vinavyonata kwenye nguo. Mimi ningeiita kazi hiyo kupepeta: makapi huondolewa kabla nafaka haijaingia chunguni.

Naam, ungo nao una mipaka yake. Ukaguzi huo husoma msimbo ulioandikwa tu. Hauzioni anwani zinazoletwa kutoka mbali wakati programu inatumika, wala haujui kwamba tovuti iliyokuwa njema jana imenunuliwa leo na mtu mwingine. Hata hivyo, upungufu ulionigusa zaidi ni wa lugha.

Nyumbani kwetu, mama ndiye anayewalea wajukuu, kwa kuwa wazazi wao wanafanya kazi Mombasa. Mama anazungumza Kidawida na Kiswahili. Siku moja mchezo wa watoto ulionyesha lango: maneno ya Kiingereza yaliyomtaka mzazi azidishe nambari mbili ili ukurasa wa nje ufunguke. Mjukuu wa miaka tisa aliyasoma maneno hayo bila kukwama, akazidisha, lango likafunguka. Mama, aliyekuwa ameketi kando yake, ndiye aliyefungiwa nje. Mlinzi amegeuka mgeni, na anayelindwa ndiye mwenye ufunguo!

Wahakiki wa msimbo wangelipitisha lango hilo bila swali, kwa sababu lango lipo. Kampuni ya Apple ilipofungua kitengo cha programu za watoto mwaka 2013, ilidai lango la aina hiyo kabla ya kiungo cha nje. Lakini lango ni mazungumzo baina ya programu na mlezi, na mazungumzo hayafanyiki katika lugha ambayo mmoja haielewi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Sheria imemtaja mlezi. Lango la mchezo ule lilimjua mzazi tu.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Binamu yangu alinihakikishia kwamba mashine inaweza kuamriwa ikatae programu ambayo maandishi yake hayajatafsiriwa. Kifaa cha ukaguzi cha Android tayari kina kanuni ya kuonya kuhusu tafsiri iliyokosekana. Basi kanuni hiyo na iunganishwe na ile ya viungo: pasipo lango la Kiswahili, programu isipite. Ila mashine itatambua tu kwamba sentensi ipo. Haitajua kama sentensi hiyo inaeleweka kwa mama aliye Wundanyi au Taveta.

Sentensi hiyo ni wajibu wetu kuiandika. Nami naanza na hii, nikiwaalika wahadhiri na wenzangu waikosoe: “Ukurasa huu uko nje ya mchezo. Mpe simu anayekulea, aamue yeye.”