Kibao cha Dau la Babu

Alhamdulillahi, sifa zote njema ni za Mola aliyeipamba ardhi na bahari, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunawaletea habari ya nyumbani mwetu, na ndani yake mna kosa letu wenyewe. Binti yetu alipojiunga na chuo cha sanaa, tulimruhusu kwa ulimi ilhali moyo haukuridhika. Tulipoulizwa barazani baada ya Alasiri anasomea nini, tulijibu, "Elimu tu." Waulizaji wakafahamu ualimu, nasi tukawaacha wafahamu hivyo. Miaka mitatu tuliufuga uongo huo.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kuandaa maonyesho yake. Binti akarudi Lamu wakati wa kusi, na kila baada ya Alfajiri alikuwa pwani ya Shela pamoja na mama yake, wakiokota yaliyotupwa na mawimbi: ndara zilizokatika, vifuniko vya chupa, vipande vya nyavu na mbao zilizoliwa na wadudu wa baharini. Ua wetu ukajaa magunia. Tulikereka, tukasema mbele ya wageni kwamba tumelipa karo ili mtoto aje kuokota taka. Yeye alinyamaza. Mama yake ndiye aliyetujibu usiku: "Bwana, si wewe unayefundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani? Na pwani je, si njia ya watu?"

Hatukuwa na jibu. Tulikumbuka kwamba hapa hapa Lamu, mwaka 2018, mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika ndara 30,000 hivi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Siku zile tulilisifu. Kumbe la mwenzio ni hodari, la mwanao ni aibu!

Hata hivyo tulibaki na khofu moja, tukamwuliza: "Mwanangu, utachonga sanamu?"

"La, baba," akasema. "Naomba kile kibao cha kukalia cha dau la babu. Sitafanya sura ya mtu. Nataka kuonyesha mahali alipokaa."

Dau hilo la marehemu baba yetu lilikuwa limelala ufuoni miaka mingi, nasi tulikwisha kupatana na mchoma chokaa alichukue liwe kuni. Tulikwenda siku ile ile kuvunja mapatano.

Siku ya maonyesho tulisafiri na ammi yetu, mzee wa bahari. Binti alikuwa amezipanga ndara ukutani kwa rangi zake: chini nyeupe na manjano kama mchanga, juu yake kijani kama mikoko, kisha buluu iliyozidi kukoza hadi upeo wa macho. Mbele ya bahari ile kulikuwa na kibao peke yake, kimelainika kwa kukaliwa. Ammi alikigusa, akainua mikono akamwombea nduguye. Wageni wasiomjua marehemu nao wakanyamaza.

Tuliporudi, tulisema barazani: "Binti yetu amesoma sanaa, nasi tuliwaficha." Mzee mmoja akacheka: "Sheikh, hilo twalijua siku nyingi. Tulikuwa tukikungoja wewe." Nyumbani tukabaini kuwa hata binti alijua tangu mwaka wa kwanza, na akaendelea kutusalimu kwa adabu kila Ijumaa. Hilo ndilo lililotuuma. Tulimwomba radhi, naye akatupa.

Ndugu zetu, mipaka ya dini yetu katika picha na sanamu twaijua, na ni haki ya mzazi kuuliza. Lakini na tuulize kwanza, kabla ya kuona haya. Mji wetu uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001 wasifika kwa milango iliyonakshiwa na mikono ya wazee Waislamu. Mkono wa mtoto wako huenda ukawa ni huo huo.

Kibao sasa kiko sebuleni kwetu. Hatukikalii.

Mola atuhifadhie vizazi vyetu na atusamehe tuliyowaficha na tuliyowakosea. Amin.