Mtoto Aandike Alichokiona

Wazazi wengi wenye watoto katika shule za sekondari tumekwisha kuyaona madaftari ya sayansi yaliyonyooka: jedwali limepigwa kwa rula, vipimo vimejaa, na chini yake pana hitimisho lisilo na dosari. Tukimwuliza mtoto alivipataje vipimo hivyo, hujibu bila ya kusita kwamba mwalimu aliviandika ubaoni, nao wakavinakili. Vyombo havikutosha, na mtihani u karibu.

Hatumlaumu mwalimu aliyeachiwa wanafunzi tele na mizani moja. Lakini sisi tunaowafunza watoto wetu kwamba shahidi hasemi ila alichokishuhudia, hatuwezi kunyamaza mtoto anapozoeshwa kuandika "niliona" juu ya jambo ambalo hakuliona.

Ndiyo maana nyumbani kwetu tulizipokea kwa furaha programu za majaribio ya sayansi ziitwazo PhET. Zilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, nchini Marekani, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hazitozwi malipo, baadhi zimefasiriwa kwa Kiswahili, na nyingi zaweza kupakuliwa zikatumika pasipo intaneti.

Binti yetu wa Kidato cha Pili alianza na jaribio la kizito kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea. Kabla hajagusa kitu, tulimtaka abashiri: uzito ukiongezwa, kitabembea upesi zaidi? Alisema ndiyo, na mdogo wake akamwunga mkono. Waliuongeza uzito, na muda haukubadilika. Walipougeuza urefu wa uzi, ndipo muda nao ulipogeuka. Uzi wa mita 1 ulichukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi. Wa sentimita 25, sekunde 1. Urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu. Kanuni hiyo hawakuambiwa na mtu. Waliivumbua wenyewe kwa kupima.

Kisha wakakihamishia kizito Mwezini, ambako uzi ule ule wa mita 1 huchukua karibu sekunde 5, safari ambayo hakuna maabara ya shule iwezayo kuwapeleka. Tena imo sayari moja ya kubuniwa ambayo kani yake ya mvutano haikutajwa. Mwanafunzi hana budi kuitafuta kwa vipimo vyake mwenyewe. Hapo hakuna ubao wa kunakili.

Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa kompyuta, si sayansi. Utafiti wa chuo hicho hicho, uliochapishwa mwaka 2005, ulionesha kwamba wanafunzi waliojifunza saketi za umeme kwa programu hizi walizielewa vyema kuliko wenzao waliotumia vyombo halisi, na hata kuziunda saketi za kweli waliwashinda.

Hata hivyo, skrini nayo ni msimulizi. Yaliyomo yamewekwa na wanadamu. Kwa hiyo siku ya pili, baada ya swala ya Alasiri, tulifunga jiwe kwenye boriti ya baraza kwa uzi wa mita 1, na binti yetu akahesabu mara 20 za kwenda na kurudi kwa saa ya simu. Alipata sekunde 41. Akarudia, akapata 39. Akasita, kalamu mkononi.

"Baba, si niandike 40 tu? Kompyuta ilisema 40."

Tulimwambia aandike 41 na 39, kisha aeleze kwa nini zimetofautiana. Akafikiri, akaandika kwamba kidole chake kilichelewa kubonyeza. Sentensi hiyo moja ilitufurahisha kuliko alama zote za muhula ule.

Zipo shule zetu zenye vyumba vya kompyuta vinavyofunguliwa siku za wageni tu. Tunaziomba kamati za wazazi zilizungumze jambo hili na walimu wa sayansi. Kompyuta moja mbele ya darasa yatosha kuanzia, madhali kila mwanafunzi anabashiri kwanza, anapima, kisha anaandika alichokipata. Nasi nyumbani, tunapolifungua daftari, tusikimbilie alama. Tuwaulize: ulidhani nini kitatokea, na uliona nini?