Ujira wa Kicheko

Watu wengi hudhani kwamba kuchekesha ni kazi ya asiye na kazi. Mtu akisimama jukwaani akatuliza, tunamwita msanii. Akituchekesha, tunasema ana mzaha. Dhana hiyo ilimwandama Amri Athumani, ambaye sote tulimjua kwa jina la Mzee Majuto.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza sanaa angali mtoto. Alikulia katika zama za jukwaa. Vikundi vya maonyesho vya miaka ile, Muungano miongoni mwao, viliuza tiketi moja kwa mambo mengi: ngoma, sarakasi, taarab, na katikati yake kichekesho. Waigizaji wa vichekesho aghalabu hawakupewa maandishi ya kukariri. Walipatana kisa, kila mmoja akajua aingie lini na atoke lini. Maneno wakayatunga pale pale mbele ya watu. Mwalimu anaujua ugumu huo. Ukipotewa na somo darasani, ubao na chaki vitakustiri. Mchekeshaji akikosa neno hana pa kujificha.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na baadaye kanda na sahani za video zilipoenea, wachekeshaji wa jukwaani walikuwa tayari. Majuto aliingia mbele ya kamera akiwa mzee yule yule wa mtaani: mbishi, mwenye tamaa kidogo, anayejiona mjanja mpaka ujanja umrudie mwenyewe.

Huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli, tulimpokea kama mwenyeji. Tanga iko pwani ya Bahari ya Hindi, Ujiji iko kando ya Ziwa Tanganyika. Kati yake imelala nchi nzima. Lakini Ujiji ni mji wa misafara. Kiswahili kilifika hapa kwa miguu katika karne ya 19, pamoja na biashara ya pembe na ile chungu ya kuuza watu. Kwa hiyo mzee wa Tanga alipovuta neno, au aliponyamaza kidogo kabla ya kujibu, bibi wa Kimanyema aliyeketi na wajukuu zake alifahamu mara moja kilichomkera. Hakuhitaji mkalimani. Sisi tuliofundisha lugha hii tuna haki ya kusema kwamba mtu huyu alitusaidia kazi.

Sasa nije kwenye ujira. Mwaka 2018 Mzee Majuto aliugua sana, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi. Katika ugonjwa huo ndipo habari za mikataba yake zilipozagaa: kazi zilizunguka nchi nzima, lakini fedha hazikumrudia kwa kadiri hiyo. Waziri aliyesimamia sanaa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba hiyo. Tarehe 8 Agosti mwaka huo huo mzee alifariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Sifa zilimiminika, kama ilivyo desturi yetu kwa wasioweza tena kuzisikia.

Wala si kwamba nchi haikuwa na sheria. Sheria ya Hakimiliki ilitungwa mwaka 1999. Lakini sheria iliyo kabatini haimsaidii mtu aliyewekewa karatasi mezani, kalamu mkononi, na watoto nyumbani wakisubiri unga. Tena anayeamini kwamba kazi yake ni mzaha tu hataweza kuitajia bei, na anayeinunua hatamkumbusha.

Ndiyo maana nawaambia walimu vijana: kila darasa lina mtoto mmoja anayewaiga walimu na kuwavunja wenzake mbavu. Msimwone mtundu tu. Mpeni nafasi siku ya mahafali, mumpigie makofi. Kisha, kabla hajamaliza shule, mfundisheni kusoma mkataba mstari kwa mstari, na kuuliza bei bila kuona haya.